Boksi la Filamu kwa Pwani Isiyo na Mtandao wa Uhakika

Katika nyumba nyingi za pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, filamu ya jioni haitoki hewani wala mtandaoni. Inatoka kwenye flashi au memori kadi. Imenakiliwa na kijana anayewajazia watu nyimbo na filamu kwenye simu, au imekuja na ndugu aliyevuka Ruvuma akitokea Mtwara, au imepanda chapa, yaani daladala, kutoka mji wa Pemba. Ndani yake mna filamu za Bongo, filamu za Kihindi na Kichina zilizotiwa sauti ya Kiswahili, tamthilia za Kibrazili, mawaidha, ngoma ya tufo iliyorekodiwa kwa simu, na harusi ya shangazi iliyonakiliwa kutoka DVD kabla DVD yenyewe haijapotea. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye TV au kwenye boksi, hujui litakalotokea. Faili la kwanza linacheza bila taabu. La pili linatoa picha bila sauti. La tatu lina sauti lakini picha imeganda. La nne halionekani kabisa kwenye orodha, ingawa kwenye simu lipo.

Hapo wengine hulaumu flashi, wengine hulaumu aliyenakili, na wenye uwezo kidogo huenda dukani kununua boksi jipya la Android, ambalo nalo halichelewi kuleta mkasa wake. Nataka kueleza kwa nini hali iko hivi, maana anayeijua sababu anaweza kununua mara moja akapumzika. Hoja yangu ni kwamba boksi huchaguliwa kwa kuangalia mafaili ambayo tayari unayo, na kwa kuangalia litafanya nini siku ambayo mtandao haupo. Maandishi makubwa ya kwenye katoni, yaani 4K, 8K na Android ya ngapi, yana uzito mdogo sana katika uamuzi huu.

Siku isiyo na mtandao pwani hii watu wameiishi. Kimbunga Kenneth kilitua tarehe 25 Aprili 2019 na kubomoa nyumba Ibo, Quissanga na Macomia. Agosti 2020, vita vya waasi mkoani humu vilipopamba moto, kituo cha umeme cha Awasse kiliharibiwa, na wilaya za Mocímboa da Praia, Palma, Mueda, Nangade na Muidumbe zikakosa umeme. Tarehe 24 Machi 2021, Palma iliposhambuliwa, mawasiliano ya simu yalikatika siku hiyohiyo. Familia zilizorejea Mocímboa da Praia baada ya mji kukombolewa Agosti 2021 zilianza upya na kitu kimoja kimoja: mabati, godoro, sufuria. TV, na kile kinachochomekwa nyuma ya TV, huja mwishoni kabisa, wakati ambapo hakuna pesa ya kukosea.

Maboksi yanayosifiwa duniani hayakutengenezwa kwa nyumba kama hizo. Chromecast ilipotoka mwaka 2013 ilikuwa kijiti kisichosoma flashi yoyote. Kazi yake ilikuwa kungoja amri ya simu kupitia waifai. Fire TV Stick na Roku hukutaka uunganishe mtandao na ufungue akaunti kabla hujaona picha hata moja. Na ukishaunganisha, saa moja ya picha ya HD kutoka huduma kama Netflix inaweza kula hadi GB 3. Kwa bei ya megas, yaani bando la intaneti, hiyo haiwezi kuwa starehe ya kila jioni. Kwa hiyo tunapozungumzia boksi la kutazamia filamu Palma au Mocímboa, tunazungumzia kwanza kifaa cha kusoma mafaili. Mtandao ukiwepo ni nyongeza.

Msumbiji iliwahi kupeleka sinema vijijini bila matatizo ya namna hii, na inafaa kukumbuka ilivyofanya. Mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya uhuru, iliundwa Instituto Nacional de Cinema, na magari ya sinema yakazunguka nchi. Mashine ya kuonyeshea, mikanda na fundi vilisafiri pamoja. Ni enzi hiyo iliyotupa filamu ya Ruy Guerra ya mwaka 1979, Mueda, Memória e Massacre, kuhusu mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, mauaji yaliyotokea katika mkoa huuhuu. Aliyechagua mkanda ndiye aliyechagua mashine, kwa hiyo viwili hivyo havikugombana. Leo aliyetengeneza faili lako hamjui aliyetengeneza boksi lako, na wote wawili hawamjui aliyenakili. Kazi ya kuvipatanisha imeachwa nyumbani, kwa mtu mwenye rimoti mkononi.

Tuanze na faili lenyewe. Herufi za mwisho wa jina lake, MP4, MKV au AVI, hazikuambii kilichomo. Ni sawa na jahazi: jina lililochorwa ubavuni halisemi kama limepakia boriti au chumvi. Ndani ya MKV mna picha na mna sauti, na kila kimoja kimebanwa kwa mbinu yake ili kisijaze nafasi. Mbinu hiyo ya kubana na kubanua ndiyo kodeki. Muuzaji anapokuambia, “Kaka, hili linasoma MKV,” amesema kweli, lakini amesema nusu. Boksi linaweza kuifungua MKV, likakuta ndani kodeki lisiyoijua, likakuachia kioo cheusi.

Ukiyapanga mafaili ya nyumba moja kwa umri, unaona safari nzima ya kodeki. Ile harusi ya DVD iko katika MPEG-2, kwa kawaida katika mafaili yenye jina la VOB. Filamu za miaka ya 2000 zilizozunguka kwenye CD nyingi ni AVI zenye DivX au Xvid. Kisha ikaja H.264, iliyopitishwa mwaka 2003, ikatawala kila mahali: simu nyingi, kamera nyingi na karibu kila video inayopita WhatsApp. Mwaka 2013 ikapitishwa H.265, ambayo pia huitwa HEVC, na hapo ndipo shida nyingi za leo zilipoanzia. HEVC hubana picha ya ubora uleule katika takribani nusu ya nafasi. Kwa anayeuza filamu kwa kunakili, flashi ya GB 16 inabeba filamu karibu mara mbili, na mteja anafurahi. Simu nazo zimeifuata: iPhone zenye uwezo huo, tangu toleo la programu la mwaka 2017, hurekodi kwa HEVC zisipobadilishwa mipangilio. Jamaa aliyeko Muscat akirekodi harusi na kuleta mafaili halisi kwenye flashi, analeta HEVC bila kujua.

Kwa nini kodeki moja ipite na nyingine igande? Ndani ya chipu ya boksi au TV kuna sehemu maalumu iliyojengwa kubanua kodeki fulani tu. Faili likiwa la kodeki hiyo, sehemu hiyo inafanya kazi kwa umeme mdogo na bila joto jingi. Likiwa la kodeki nyingine, mzigo unahamia kwenye prosesa ya kawaida, ambayo inabidi ikokotoe kila picha kwa nguvu zake. Katika boksi la bei rahisi prosesa hiyo haiwezi. Picha inakatakata, sauti inatangulia midomo, boksi linachemka, na mwisho linajizima. Sehemu ile maalumu haiongezwi kwa kusasisha programu, kwa kuwa imechongwa kwenye chipu siku ilipotengenezwa. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji liwe kama chipu inabanua H.264 na H.265 zote mbili, na H.265 ya biti 10 pia, kwa sababu filamu nyingi mpya zimebanwa hivyo. Kuna H.264 ya biti 10 vilevile, inayopendwa na wanaonakili katuni za Kijapani, na hiyo karibu hakuna chipu inayoibanua. Ukikutana nayo, usililaumu boksi. AV1, kodeki ya mwaka 2018, inakuja kwa kasi mtandaoni, lakini kwa mtu anayeishi kwa flashi sioni sababu ya kulipia zaidi kwa ajili yake leo.

Ukishajua hayo, dalili zinasomeka. Sauti ipo na picha haipo: mara nyingi ni HEVC kwenye kifaa kisichoijua, hasa TV za bei nafuu na ving'amuzi. Picha ipo na sauti haipo: hiyo ni habari nyingine, na nitaisimulia kwa kirefu kwa sababu ndiyo inayowasumbua watu zaidi, na ndiyo yenye dawa rahisi.

Sauti ya filamu kubwa huja katika kodeki za makampuni mawili, Dolby na DTS. Mtengenezaji wa TV au boksi anayetaka kifaa chake kizibanue hulipa leseni kwa kila kifaa, na anayetafuta bei ya chini huiacha. Si makampuni madogo tu yanayofanya hivyo. Samsung iliiondoa DTS kwenye TV zake kuanzia zile za mwaka 2018. LG ikaiondoa mwaka 2020, kisha ikairudisha kwenye TV za 2023. Mtu aliyenunua TV ya thamani miaka hiyo aliweza kuchomeka filamu na kuambiwa na kioo chake kwamba muundo wa sauti haukubaliki. Ving'amuzi vingi vya bei rahisi vina tabia hiyohiyo kwa sauti za Dolby.

Dawa yake inatokana na jambo moja: sauti ni nyepesi mno kuliko picha. Prosesa yoyote ya kawaida inaweza kuibanua bila kutoka jasho. Kinachohitajika ni programu inayobeba kodeki zake yenyewe bila kutegemea leseni ya kifaa. VLC ni programu hiyo. Ilianza mwaka 1996 kama mradi wa wanafunzi wa uhandisi karibu na Paris, ni ya bure, na haina matangazo. Kodi ni nyingine. Zamani iliitwa XBMC, ikabadilishwa jina mwaka 2014. Boksi linaloruhusu kuweka moja ya programu hizi linakuwa limemaliza sehemu kubwa ya ugomvi wa sauti. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM (sauti iliyokwisha kubanuliwa) au stereo, na uzime ile ya kupitisha sauti moja kwa moja kwenda kwenye TV. Ukiiacha ile ya kupitisha, boksi linaikabidhi TV sauti bila kuibanua, na TV isiyoijua inanyamaza. Nimeona maboksi mazima yakirudishwa dukani kwa sababu ya mpangilio huu mmoja tu.

Filamu zilizosimuliwa kwa Kiswahili hazina shida hii mara nyingi. Kazi za akina Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya huzunguka katika mafaili ambamo sauti ya msimulizi imeshachanganywa na ya filamu katika mkondo mmoja, kwa kodeki ya kawaida. Kinachosumbua ni faili lenye mikondo mitatu au minne ya sauti, ambapo boksi linaanza na lugha isiyojulikana na mtu yeyote sebuleni. Kubadilisha kuwe kwa kitufe kimoja au viwili. Ukilazimika kuingia menyu tano, bibi hataweza peke yake, na boksi asiloweza kulitumia bibi mwenyewe lina kasoro.

Maandishi ya chini yana tatizo lake, na huku linaonekana zaidi kwa sababu mengi yako kwa Kireno. Herufi kama ã, ç na é zikihifadhiwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, na boksi likazisoma kwa mfumo mwingine wa herufi, UTF-8, zinatoka alama za ajabu katikati ya maneno. VLC na Kodi zina mahali pa kuchagua mfumo wa herufi. Programu nyingi zinazokuja na boksi hazina.

Kuhusu flashi yenyewe sitakaa sana. Flashi iliyoumbizwa kwa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, kwa hiyo filamu ndefu ya ubora wa juu itakataa kunakiliwa hata kama nafasi ipo. Kadi za zaidi ya GB 32 hutoka kiwandani na exFAT, ambayo haina kikomo hicho, lakini TV na ving'amuzi vya zamani haviisomi. Hilo ndilo jibu la “kwenye simu lipo, kwenye TV halipo.” Uliza kama boksi linasoma exFAT, na ujaribu. Ukitaka kutumia diski ya nje, kumbuka kwamba tundu la USB 2.0 limewekewa kiwango cha miliampia 500, na diski inayozunguka huhitaji zaidi inapoanza. Boksi linalojizima na kuwaka kila unapochomeka diski linaonyesha upungufu huo wa umeme. Kwa nyumba nyingi flashi mbili nzuri ni salama kuliko diski moja.

Sasa maboksi. Kabla ya kununua chochote, jaribu ulicho nacho. TV bapa yenye tundu la USB, au king'amuzi cha antena chenye tundu hilo, huenda kikacheza mafaili yako yote ya H.264 bila wewe kutoa hata metikali moja. Mwenye TV ya chogo aangalie kwanza kama boksi lina tundu la AV la waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe. Mengi ya sasa yana HDMI peke yake, na kigeuzi cha kutoka HDMI kwenda AV ni gharama nyingine na waya nyingine ya kulegea.

Maboksi ya Android yasiyo na jina, yanayojaa kwenye maduka ya pwani yote ya Afrika Mashariki, ndiyo ya bei ya chini kabisa na ndiyo ninayoyaogopa. Sababu ya kwanza ni uongo wa katoni: maandishi ya 8K kwenye chipu isiyofika huko, na kumbukumbu iliyotiwa chumvi. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Januari 2023 mtafiti Daniel Milisic alieleza jinsi boksi lake la T95, alilolinunua Amazon, lilivyokuja na programu hasidi ndani ya mfumo wenyewe. Septemba 2024 kampuni ya usalama ya Doctor Web ilitangaza kwamba programu hasidi iliyoitwa Vo1d imekutwa kwenye takribani maboksi milioni 1.3 katika nchi 197. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya aina hii vilivyoambukizwa. Boksi kama hilo likiunganishwa na mtandao wa simu yako, linaweza kutumia megas zako kupitisha mambo ya watu wengine. Usipoliunganisha kabisa, madhara hayo hayana njia, lakini ni nani atakayelinda waifai ya nyumba yenye watoto?

Kwa nyumba ya kawaida ningechagua boksi lililoidhinishwa na Google kutumia Android TV, kutoka kampuni inayojulikana kama Xiaomi, kwa sharti moja lisilojadiliwa: liwe na tundu la USB la kawaida. Vijiti vidogo vinavyoning'inia kwenye HDMI vingi havina. Hata mfululizo mmoja hutofautiana: Nvidia Shield ya mwaka 2019 iliyo ya mviringo haina USB, wakati Shield Pro ya mwaka huohuo inayo mawili. Shield Pro ni kifaa bora sana, ila ilitoka kwa dola 200, na kwa kazi tunayoizungumzia sioni haja.

Kwa banda la video, madrasa au shule, mahali ambapo kifaa kimoja kinahudumia wengi kila siku, ningependekeza Raspberry Pi 4 yenye LibreELEC. Huu ni mfumo mdogo wenye Kodi peke yake. Hauna duka la programu, hauna akaunti, na hauna matangazo yanayojisasisha usiku. Unawaka, unaona flashi, unacheza. Kuuandaa kunahitaji kompyuta na mtu mwenye ujuzi kidogo, lakini kunafanyika mara moja, na nakala ya kadi yake ikihifadhiwa, kifaa kilichoharibika kinarudi kazini bila kuanza upya. Unanikumbusha WD TV, kiboksi cha Western Digital cha mwaka 2008 kilichofanya kazi hiyo tu na kuifanya vizuri. Inasikitisha kwamba soko liliacha kutengeneza vitu vya namna ile.

Umeme ni upande ambao maboksi haya madogo yanashinda. Mengi yanatumia volti 5 na hayazidi wati 10. Mwenye sola na betri ya volti 12 anaweza kuyalisha kwa kigeuzi kidogo cha kutoka 12 kwenda 5, bila inveta, na inveta ndiyo inayopoteza umeme bure. Kigeuzi kiwe cha ampia 3 kwa Raspberry Pi. Chaja hafifu ya simu huleta kuganda kunakofanana kabisa na kuganda kwa kodeki, na watu hupoteza siku wakitafuta kosa kwenye faili.

Maandalizi yote ya kwanza yafanyike Pemba au Mtwara, mahali penye mtandao, kabla ya boksi kupanda gari: akaunti, VLC, sauti kwenye PCM, mfumo wa herufi, na kuzima kujisasisha. Faili la kusakinishia VLC liwekwe pia kwenye flashi, ili siku boksi likifutwa lote uweze kuiweka VLC upya bila intaneti.

Na ukienda dukani, nenda na flashi yako ya majaribio. Weka humo ile VOB ya harusi, AVI moja ya zamani, HEVC ya biti 10, filamu yenye sauti ya DTS, faili la zaidi ya GB 4 kwenye exFAT, na moja lenye maandishi ya Kireno. Mwombe muuzaji azime waifai ya boksi, kisha lizimwe kwa kuchomoa waya na kuwashwa tena. Linapowaka, hesabu muda hadi ifike orodha ya filamu, na uone kama linakurudisha ulipoishia. Yapitishe mafaili yote sita, kila moja dakika chache, huku ukisogeza mbele na nyuma, maana maboksi mengi huganda yanaposogezwa. Baada ya hapo shika boksi kwa mkono. Kama limechemka baada ya nusu saa kwenye duka lenye feni, halitavumilia sebule ya bati ya Palma mwezi wa Januari.